Dhahabu Isiyo na Alama

Katika kumbukumbu za ATP, chama kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume, ubingwa wa Olimpiki ambao Novak Djokovic wa Serbia aliunyakua Paris tarehe 4 Agosti 2024 umeandikwa kuwa taji lake la 99, likafuatwa na la 100 alilolipata Geneva Mei 2025. Lakini kumbukumbu hizo hizo, zinapofika kwenye safu ya alama zinazopanga ubora wa wachezaji, zinaonyesha kwamba taji hilo la 99 lilimletea sifuri. Linahesabiwa miongoni mwa mataji na halihesabiwi miongoni mwa alama, na katika pengo hilo dogo la kihasibu umejificha mgogoro mzima kuhusu nafasi ya Olimpiki katika maisha ya mchezaji tenisi wa kulipwa.

Alama katika mchezo huu ndizo zinazomfungulia mchezaji milango ya mashindano makubwa na kumwepusha na vigogo katika raundi za mwanzo, nazo huishi wiki 52 tu kabla ya kufutwa, hivyo kila mchezaji hutumia mwaka mzima akikimbizana na kivuli chake cha mwaka uliopita. Mwaka 2024 mchezaji aliyefungwa mechi yake ya kwanza Wimbledon, akafungasha raketi na kurudi nyumbani, aliondoka na alama 10 na pauni 60,000. Bingwa wa Olimpiki, mwezi uliofuata, hakupata alama hata moja wala fedha yoyote kutoka kwa waandaaji, ingawa serikali kadhaa huwatuza wanamedali wao kutoka hazina zao. Hali haikuwa hivyo siku zote, kwani kuanzia Sydney 2000 hadi London 2012 Olimpiki ilitoa alama, na Andy Murray wa Uingereza alipomshinda Roger Federer kwenye fainali ya London alijipatia 750. Ilipofika Rio 2016, alama hizo zikawa zimeondolewa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuuona mwaka wa Olimpiki kuwa mwaka wa mavuno kwa wanariadha, hesabu hii inaweza kuonekana ya ajabu. Beatrice Chebet, Faith Kipyegon na Emmanuel Wanyonyi waliporudi Kenya kutoka Paris na dhahabu nne kati yao, kila dhahabu ilikuwa na dola 50,000 za Shirikisho la Riadha Duniani, na hakuna aliyeuliza iwapo walifanya vyema kwenda. Tenisi imejengwa juu ya nguzo nyingine, yaani mashindano manne makubwa ya kila mwaka yanayoitwa Grand Slam, ambayo ni Australian Open, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon na US Open, pamoja na mlolongo wa mashindano mengine yanayojaza kalenda tangu Januari hadi Novemba. Mchezo huu ulitoweka kwenye Olimpiki baada ya 1924 na kurejea rasmi Seoul 1988, na uliporudi ulikuta nyumba imeshajaa.

Ugumu wa mwaka 2024 ulikuwa zaidi ya wingi wa siku. Roland Garros ilichezwa hadi Juni kwenye udongo mwekundu, ambako mpira hupungua kasi na kuruka juu, na mchezaji huufuata kwa kuteleza. Wimbledon ikafuata Julai kwenye nyasi, ambako mpira hukimbia chini chini na mguu unaoteleza huweza kuvunjika. Olimpiki ikawarudisha wachezaji kwenye udongo ule ule wa Roland Garros kuanzia tarehe 27 Julai. Kisha US Open ikawasubiri New York kuanzia tarehe 26 Agosti kwenye sakafu ngumu, ambayo haina huruma kwa magoti. Ons Jabeur wa Tunisia, aliyefika fainali mbili za Wimbledon, alitangaza kwamba hatakwenda Paris kwa sababu kubadili uwanja kwa haraka namna hiyo kungehatarisha goti lake. Aryna Sabalenka naye alisema ratiba imezidi kiasi na kwamba kitu fulani lazima kiachwe, akachagua kulinda afya yake.

Djokovic alikuwa na sababu nyingi zaidi za kubaki nyumbani kuliko wote wawili. Alikuwa na umri wa miaka 37, alikuwa na mataji 24 ya Grand Slam, na tarehe 5 Juni alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti la kulia baada ya kuumia gegedu la ndani katika Roland Garros. Siku 60 baada ya upasuaji huo alisimama kwenye uwanja huo huo alikoumia, goti likiwa limefungwa soksi ya kijivu, akimkabili Carlos Alcaraz wa Hispania mwenye miaka 21, ambaye wiki tatu kabla alikuwa amemchapa kwa seti tatu mfululizo kwenye fainali ya Wimbledon.

Fainali hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna jibu ambalo takwimu za alama haziwezi kulitoa. Katika tenisi, mchezaji mmoja huanzisha kila pointi ya gemu nzima kwa mpigo uitwao servisi, na kumvunja mpinzani ni kushinda gemu ambayo yeye ndiye anayeanzisha. Seti nyingi huamuliwa kwa kuvunjwa mara moja au mbili. Siku ile, kwa muda wa saa 2 na dakika 50, hakuna aliyevunjwa hata mara moja. Alcaraz alipata nafasi nane za kumvunja Djokovic na zote nane zikampita. Djokovic alipata sita, nazo zikampita. Seti ya kwanza peke yake ilikula zaidi ya saa moja na nusu, na seti zote mbili zikaishia kwenye taibreki, gemu maalumu ya kuamua seti pale wachezaji wanapofungana sita kwa sita, ambayo Djokovic aliishinda 7-3 kisha 7-2. Hakuwa amepoteza seti hata moja tangu siku ya kwanza ya mashindano.

Mpira wa mwisho ulipompita Alcaraz, bingwa huyo alipiga magoti juu ya udongo na kulia, na kamera zilipomkaribia zilionyesha mikono yake ikitetemeka, mikono ile ile ambayo kwa karibu miaka 20 imesifiwa kwa kutotetemeka mbele ya mpinzani yeyote. Alipanda kwenye jukwaa la watazamaji kwenda kumkumbatia mkewe na watoto wake, akamshika binti yake mdogo, akaendelea kulia. Haikuwa furaha ya mtu aliyeongeza kombe kabatini. Watu waliomwona akitwaa Grand Slam 24 walikuwa wamemwona mara chache mno katika hali ile.

Maneno aliyoyasema baadaye mbele ya waandishi yanaeleza kwa nini. Alisema kwamba ukijumlisha yote, huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wowote aliowahi kuupata katika michezo, na kwamba hadi siku ile alikuwa akiamini hakuna hisia inayoweza kuzidi ile ya kubeba bendera ya Serbia kwenye sherehe za ufunguzi London 2012. Alieleza kuwa aliweka moyo, mwili, familia na kila alichokuwa nacho kwa ajili ya dhahabu hiyo. Anayetaka kuyapima maneno hayo hana budi kuikumbuka njia aliyopita. Beijing 2008 alipata shaba. London 2012 alifungwa nusu fainali na Murray kisha akaikosa shaba mbele ya Juan Martín del Potro. Rio 2016 del Potro huyo huyo alimtoa raundi ya kwanza, na Djokovic akaondoka uwanjani akibubujikwa machozi. Tokyo, mwaka 2021, alikuwa akiongoza kwa seti moja na gemu tatu kwa mbili dhidi ya Alexander Zverev wa Ujerumani, akapoteza, kisha akaikosa shaba pia.

Safari hiyo ya Tokyo ndiyo inayouma zaidi. Mwaka 2021 Djokovic alikuwa ameshinda Grand Slam zote tatu za mwanzo, na ilibaki US Open peke yake ili akamilishe jambo ambalo hakuna mwanaume aliyelifanya tangu Rod Laver mwaka 1969, yaani kutwaa zote nne ndani ya mwaka mmoja. Badala ya kupumzika alikwenda Japani, akacheza katika joto kali, akarudi mikono mitupu, na New York alifungwa fainali na Daniil Medvedev kwa seti tatu bila jibu. Iwapo angebaki nyumbani angeshinda? Hakuna awezaye kuapa. Lakini miaka mitatu baadaye, akiijua fika gharama ya safari kama hiyo, alikwenda tena.

Na gharama ililipwa tena. Baada ya Paris alijiondoa mashindano ya Cincinnati, ambako alikuwa bingwa mtetezi, na New York, ambako pia alikuwa akitetea taji, alitolewa raundi ya tatu na Alexei Popyrin wa Australia. Alama 2,000 za mwaka uliotangulia zikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na 100. Mwenyewe alikiri bila kutafuta visingizio kwamba alitumia nguvu nyingi kwa ajili ya dhahabu na kwamba alifika New York akiwa amechoka mwili na akili. Mwaka huo ukaisha bila yeye kupata Grand Slam yoyote, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2017, na dhahabu ya Paris ikabaki kuwa taji lake pekee la 2024. Alcaraz, aliyechukua medali ya fedha, alitolewa New York raundi ya pili.

Upande wa pili wa mizani unashawishi vilevile. Sabalenka, aliyebaki kwenye mzunguko wa kulipwa wakati wenzake wakiwa Paris, alitwaa US Open mwaka huo, na njiani kwenye robo fainali alimchapa 6-1, 6-2 Zheng Qinwen wa China, bingwa mpya wa Olimpiki, Mwasia wa kwanza kushinda dhahabu ya tenisi ya mchezaji mmoja mmoja. Kwa wanaume taji lilikwenda kwa Jannik Sinner wa Italia, ambaye maradhi ya mafindofindo yalimzuia kwenda Paris. Mtu angeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba Olimpiki huwaua mabingwa, lakini Jessica Pegula na Taylor Fritz wa Marekani, waliofungwa katika fainali hizo mbili za New York, wote walicheza Paris, tena Fritz alirudi na shaba ya wachezaji wawili wawili.

Wako pia wale ambao mzunguko wa kulipwa haukuwahi kuwapa kitu kinachofanana na kile walichopewa na Olimpiki. Nicolás Massú aliipatia Chile dhahabu zake mbili za kwanza katika historia kule Athens 2004. Mónica Puig wa Puerto Rico, aliyekuwa nje ya 30 bora na ambaye hakuwahi kuvuka raundi ya nne ya Grand Slam yoyote, alimshinda Angelique Kerber fainali ya Rio na kukipa kisiwa chake dhahabu ya kwanza kabisa. Kuwaambia watu hawa kwamba wiki ile haikuwa na alama ni kuwahukumu kwa mizani isiyo yao.

Hata hivyo, hoja inayoumiza kichwa kuliko zote inatoka Kenya, na haimhusu mchezaji anayejiuliza kama aende Olimpiki. Machi 2024, kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra, Angella Okutoyi, ambaye mwaka 2022 alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda dhahabu ya tenisi ya wanawake mchezaji mmoja mmoja. Ubingwa huo ulikuwa na tiketi ya Paris ndani yake, ila kwa sharti kwamba mshindi awe ndani ya nafasi 400 za kwanza za ubora duniani itakapofika tarehe 10 Juni. Okutoyi, aliyekuwa wakati huo akisoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, ambako mechi za vyuo hazitoi alama za dunia, hakufika huko. Bingwa wa Afrika alibaki nje, na Kenya haikuwa na mchezaji tenisi Paris.

Hapa swali la kama mchezaji aitangulize Olimpiki au mzunguko wa kulipwa linageuka sura. Kwa Djokovic na Sabalenka ni uchaguzi kati ya vitu viwili vilivyo mkononi. Kwa mchezaji kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, lango la Olimpiki lenyewe linafunguliwa kwa alama za mzunguko, na mzunguko unataka nauli za ndege, viza, hoteli na kocha kwa wiki nyingi mfululizo, huku Olimpiki yenyewe, inayodai alama hizo mlangoni, ikiwa haitoi hata moja ndani. Wanaoitetea kanuni hiyo husema kwamba bila kiwango cha chini mashindano yangejaa wachezaji wanaofungwa 6-0, 6-0, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Paris ilimkaribisha Matthew Ebden wa Australia, mtaalamu wa wawili wawili aliyeingizwa dakika za mwisho kucheza peke yake baada ya kutocheza hivyo kwa muda mrefu, akafungwa na Djokovic 6-0, 6-1, na siku chache baadaye akatwaa dhahabu ya wawili wawili pamoja na John Peers. Ikiwa kufungwa huko hakukuivunjia Olimpiki heshima, ni heshima gani ambayo ingevunjwa na bingwa wa Accra?

Djokovic amesema angependa kucheza Los Angeles 2028, atakapokuwa na miaka 41, na Okutoyi atakuwa na 24. Njia ya Okutoyi kuelekea huko inapita kwenye mashindano ya daraja la chini kabisa la tenisi ya kulipwa ya wanawake, ambako bingwa wa shindano la ngazi iitwayo W15 hupata alama 15 na bingwa wa ngazi ya W35 hupata 35, nazo baada ya wiki 52 hufutwa zote na hesabu huanza upya.