Kwa Nini Televisheni Kubwa Huonyesha Picha Hafifu

Mtu anunuapo televisheni mpya yenye kioo kipana huipeleka nyumbani kwa matumaini makubwa. Kule dukani picha zilikuwa kali kiasi kwamba manyoya ya ndege yangeweza kuhesabiwa. Akisha kuiunganisha na king'amuzi chake na kufungua taarifa ya habari, huona uso wa msomaji umelainika kama uliopakwa mafuta, maandishi ya chini yana ukungu, na watu wanaotembea wana kingo za meno meno kama kitana. Televisheni ya zamani, ile ya chogo kama iitwavyo mitaani, ilionyesha habari zile zile vizuri zaidi. Wengi hukata shauri kwamba wameuziwa chombo kibovu. Mara nyingi chombo ni kizima. Kinachotakiwa kufahamika ni kazi kinayolazimika kuifanya kabla picha haijaonekana.

Katika televisheni ya chogo, mwale wa elektroni uliupiga uso wa ndani wa kioo na kuchora picha mstari baada ya mstari. Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia mfumo wa mistari 625, ambayo 576 kati yake ndiyo iliyobeba picha yenyewe. Mwale ulifuata mistari kama ilivyoletwa na mawimbi, na mng'ao wa kila mstari ulienea kidogo ukaficha kasoro nyingi. Kioo nacho kilikuwa kidogo.

Televisheni bapa haichori mistari. Kioo chake kimegawanywa kiwandani katika nukta zisizohamishika, na kila nukta ina sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu. Idadi yake haiongezeki wala haipungui. Picha ya kawaida ya utangazaji wa dijitali katika nchi zilizotumia mistari 625 ina nukta 720 kwa upana na 576 kwenda juu, yaani jumla ya 414,720. Picha za ubora wa juu ni za 1,280 kwa 720, au 1,920 kwa 1,080. Kioo kinachouzwa kwa jina la 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, ambazo jumla yake ni 8,294,400.

Yafaa kuzigawa hesabu hizo. Kioo cha 4K kina nukta mara 20 ya zile za picha ya kawaida. Kwa hiyo, picha hiyo inapokijaza kioo chote, kituo kimeleta habari za kutosha nukta moja tu katika kila 20 zinazowaka. Zilizobaki 19 zimekadiriwa na televisheni yenyewe, mara 50 au zaidi kwa kila sekunde.

Makadirio hayo hufanywa kwa kutazama majirani. Kwa mfano, ikiwa nukta moja ina mwangaza wa 40 na inayofuata ina 80, nukta mpya inayowekwa katikati hupewa 60. Mahali penye anga au ukuta, njia hii haina dosari. Lakini mahali ambapo ukingo wa herufi nyeusi unakutana na karatasi nyeupe, nukta ya katikati hupata kijivu ambacho hakikuwapo katika picha ya asili. Hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Televisheni bora hutazama majirani wengi zaidi, mara nyingi 16, na kumpa kila mmoja uzito wake, kisha huongeza ukali kwenye kingo. Ukali ukizidi, mstari mweupe hutokea kuzunguka mabega ya msomaji habari. Ni jambo la kushangaza kwamba viwanda vingi hutoa televisheni zikiwa na ukali uliozidi, kwa kuwa dukani huvutia macho; kuupunguza nyumbani hakugharimu kitu.

Nusu mbili za picha

Ugumu mwingine ni urithi wa mwaka 1936, BBC ilipoanza kutangaza kutoka Alexandra Palace mjini London kwa mfumo wa mistari 405. Ili kuepuka picha kumetameta bila kutumia masafa mapana mno, mistari ya namba witiri ilipelekwa kwanza, kisha ya namba shufwa. Mbinu hiyo iliingia katika mfumo wa mistari 625, ambao ulipeleka nusu 50 kwa sekunde, na ingali inatumiwa na vituo vingi, hata katika picha za mistari 1,080.

Televisheni bapa huwasha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo hapana budi iziunganishe nusu hizo. Lakini nusu mbili hazikupigwa kwa wakati mmoja. Mchezaji wa mpira anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 kati ya nusu na nusu. Zikifumwa pamoja hivi hivi, mguu wake huonekana kama kitana. Zikionyeshwa mbalimbali, kila moja ikinyoshwa ijaze kioo, meno hutoweka lakini nusu ya mistari hupotea. Televisheni nzuri huchungulia kila sehemu ya picha: palipotulia, kama majukwaa na nyasi, huzifuma, panapokwenda mbio, hukadiria. Televisheni ya bei nafuu huchagua njia moja kwa picha nzima, na mtazamaji wa mpira ndiye anayeumia.

Zaidi ya hayo, utangazaji wa dijitali huweka vituo kadhaa katika masafa yaliyokuwa ya kituo kimoja, na hilo huwezekana kwa kuibana picha. Mfumo wa MPEG-2 huigawa katika miraba ya nukta 8 kwa 8. Ikibanwa kupita kiasi, miraba hiyo hujitokeza. Katika kioo cha 4K kila mmoja hukuzwa hadi nukta 30 kwenda juu na takriban 43 kwa upana, na kinolezi cha kingo, kisichojua kutofautisha ukingo wa mraba na ukingo wa pua, huunoa mraba nao.

Televisheni za miaka ya karibuni zina programu zilizofundishwa kwa picha nyingi, zinazojua jinsi majani au nywele zilivyo kwa kawaida na kuzijaza. Matokeo hupendeza. Hata hivyo namba ya gari ambayo haikusomeka katika mawimbi haitasomeka kwa haki kiooni. Kinachoonekana ni dhana nzuri tu.

Waya wa manjano

Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi ziliunganisha ving'amuzi kwa zile nyaya tatu za manjano, nyeupe na nyekundu, kwa sababu televisheni za chogo hazikuwa na tundu jingine. Waya wa manjano hubeba picha kwa utaratibu wa zamani, mistari 576 na si zaidi. Televisheni ilipobadilishwa, waya mara nyingi haukubadilishwa. Hivyo kituo hutangaza mistari 1,080, king'amuzi huipunguza ipite katika waya, kisha televisheni huanza kukisia kile kilichotupwa hatua moja nyuma yake. Waya wa HDMI huondoa kasoro hiyo, mradi king'amuzi chenyewe kina uwezo huo na hakikupangwa kutoa 576.

Ukaguzi wake ni rahisi. Televisheni nyingi, kibonyezo cha maelezo kikibonyezwa, huonyesha pembeni namba ya mistari inayopokelewa pamoja na herufi: i kwa picha inayokuja nusu nusu, p kwa picha nzima. Kituo cha ubora wa juu kikiwa hewani na kioo kikaandika 576i, cha kuchunguzwa kwanza ni waya na mpangilio wa king'amuzi.