Mchungaji Anapoomba Kura Ukanda wa Dhahabu

Mwaka 2010 kiti cha ubunge cha Shinyanga Mjini kiliamuliwa kwa kura moja. Stephen Masele wa CCM alitangazwa kumshinda Philipo Shelembi wa CHADEMA kwa tofauti hiyo. Mahali ambapo kura moja inatoa mbunge, usharika wenye waumini mia mbili si jambo dogo, na mchungaji anayejulikana kwa jina katika kila nyumba ana mtaji ambao mgombea mwingine hununua kwa miaka ya misiba na harusi.

Je, mchungaji anaruhusiwa kugombea? Katiba haimzuii. Inadai uraia, umri, kujua kusoma Kiswahili au Kiingereza, na uanachama wa chama cha siasa. Chama ndicho kinachokatazwa kusimamia maslahi ya dini fulani. Kikwazo kingine hutoka kanisani kwenyewe. Sheria za Kanisa Katoliki humzuia padri kushika madaraka ya serikali. Walutheri hawana katazo kama hilo linalowafunga wote duniani.

Tofauti hiyo ilionekana katika jimbo la Karatu. Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa padri na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alikuwa ameacha upadri alipoingia bungeni mwaka 1995. Baada ya miaka 15 aligombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, akapata zaidi ya kura milioni 2.2 na kushindwa na Jakaya Kikwete. Kiti alichokiacha kilichukuliwa na Mchungaji Israel Natse wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambaye bungeni aliendelea kuitwa Mchungaji hadi mwaka 2015.

Mfano wa zamani zaidi uko Marekani. Frederick Muhlenberg, mchungaji wa Kilutheri, aliacha utumishi wa kanisa, akawa Spika wa bunge la Pennsylvania, na mwaka 1789 akawa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi la nchi nzima. Aligombea ugavana wa Pennsylvania mwaka 1793 na 1796. Mara zote mbili Thomas Mifflin alimwangusha.

Tukirudi nyumbani, ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita una vipimo vyake. Katika uchaguzi uleule wa 2010, Bukombe, iliyokuwa bado mkoani Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012, ilimchagua Profesa Kulikoyela Kahigi wa CHADEMA, mwanaisimu na mshairi. Hakuwa na kola ya kichungaji. Na mwaka 2015, mgombea urais Edward Lowassa, Mlutheri, alilaumiwa kwa kuomba msaada wa waumini wenzake ndani ya kanisa la KKKT mjini Tabora. Alipata karibu asilimia 40. John Magufuli, Mkatoliki wa Chato, mkoani Geita, akashinda kwa asilimia 58. Kuhesabu wapiga kura kwa madhehebu ni hatari katika mkoa ambao Februari 2013 ugomvi wa nani achinje nyama uligharimu uhai wa mchungaji huko Buseresere.

Lakini viongozi wa dini wamewahi kuingia siasa za madini kwa njia ya heshima zaidi. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo KKKT ni mwanachama wake, ilishirikiana na maaskofu Wakatoliki na baraza la Waislamu, BAKWATA, kutoa ripoti iliyouliza nchi inapata nini kutoka migodi mikubwa. Wakati huo mgodi wa Geita ulikuwa ukichimbwa kwa miaka minane na wa Bulyanhulu kwa saba. Mchungaji, askofu na shehe walizungumza kwa takwimu za mrabaha na kodi, na serikali haikuweza kuwapuuza kama wapinzani wanaotafuta vyeo.

Takwimu za namna hiyo ndizo anazopaswa kubeba mchungaji anayetaka kura Nyarugusu au Kahama. Mchimbaji mdogo atamuuliza kuhusu leseni, makarasha na zebaki inayoingia mtoni. Tangu sheria ya madini ibadilishwe mwaka 2017, mgodi unatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la eneo lake, kwa hiyo zahanati na madawati ya mpango huo hujadiliwa mezani kwake. Wapiga kura wana haki ya kumtaka asome hesabu za mpango huo hadharani, nje ya kanisa, mbele ya Waislamu, Wakatoliki na wasio na dini, kabla hawajampa kura.