Dawa Iwe ya Mwisho, Si ya Kwanza

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Wengi wetu huitumia methali hii tunapozungumza kuhusu malaria au kipindupindu. Lakini uko mji mmoja wa Marekani ulioitumia hekima hiyo hiyo kutungia sheria ya bustani. Mji wenyewe ni San Francisco, katika jimbo la California.

Mwaka wa 1996 baraza la mji huo lilipitisha sheria kuhusu ardhi yote inayomilikiwa na mji: bustani za umma, viwanja vya michezo na hata majengo. Sheria haikupiga marufuku kila dawa ya kuua magugu na wadudu. Ilichosema ni kwamba dawa iwe ya mwisho, si ya kwanza. Je, hilo hufanywaje? Hebu tuangalie hatua kwa hatua.

Kwanza, mjue adui. Mtunza bustani hukagua na kujiuliza: hili ni gugu gani, na limeleta hasara gani? Kama halina hasara, huachwa.

Pili, ondoa chanzo. Magugu hupenda udongo ulio wazi. Nyasi zikikatwa fupi mno, jua hufika ardhini na mbegu za magugu huota. Basi nyasi huachwa ndefu kidogo, na chini ya miti hutandazwa vipande vya mbao ili mbegu zikose mwanga. Panya nao hufuata taka. Pipa likiwa na kifuniko, panya hana karamu!

Tatu, tumia mikono na vifaa: kung'oa, kulima kwa jembe, kufyeka.

Nne, yote hayo yakishindwa, ndipo dawa huja. Nayo huchaguliwa katika orodha iliyoidhinishwa na mji wenyewe. Tangazo hubandikwa siku 3 kabla ya kunyunyiza na kuachwa siku 4 baadaye, kisha matumizi huandikwa kwenye kumbukumbu.

Chukua mfano wa mbu. Badala ya kupulizia dawa hewani, mji huo umewahi kuwatuma waendesha baiskeli wazunguke mitaani wakitia dawa ya bakteria kwenye mashimo ya mitaro ya maji ya mvua. Bakteria hao huua viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mabawa.

Mtu atauliza, kwani kuna haja gani ya kujisumbua hivyo? Haja ipo. Ardhi ya mji ni ya wote. Mtoto anayebingirika kwenye nyasi hakuulizwa kama anataka dawa. Tena yuko yule anayeinyunyiza. Dewayne Johnson alikuwa mtunza viwanja vya shule huko Benicia, si mbali na San Francisco. Kazi yake ilikuwa kunyunyiza dawa yenye glaifoseti, kisha akapatikana na saratani. Mwaka wa 2018 mahakama ya San Francisco ilimpa ushindi dhidi ya kampuni ya Monsanto, na mwaka wa 2020 mahakama ya rufaa ikaupitisha ushindi huo, ila fidia ikapunguzwa hadi dola milioni 20.5.

Hata hivyo, wataalamu wenyewe hawajapatana. Mwaka wa 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema kuna uwezekano glaifoseti inaleta saratani. Idara ya mazingira ya Marekani nayo ikashikilia kwamba haielekei kuileta. Hapo ndipo hekima ya sheria ile inapoonekana: ukipunguza dawa, huna haja ya kungoja ubishi uishe.

Ni kweli njia hii ina gharama. Kung'oa kunataka watu wengi, na watu hulipwa. Lakini gharama hiyo inaonekana, inahesabika. Ya dawa huenda ikaja kujulikana miaka mingi baadaye, hospitalini.

Wanafunzi wenzangu, tukishikishwa slasha siku ya Jumamosi, wako wanaonung'unika, "Si wanyunyize tu dawa yaishe!" Ngojeni kwanza. Tujiulize kwa nini magugu yanaota nyuma ya mabweni, na nani atakayebeba lile tangi mgongoni. Tukishapata jibu, tuinue slasha zetu. Kazi kwenu!