Kuongeza Prosesa Bila Kuzima Kompyuta

Katika mgodi wa chini ya ardhi, kama ule wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, feni za kusukuma hewa hazipaswi kusimama wakati watu wamo shimoni. Ikiwa umeme watoka katika jenereta, nazo zimeanza kuzidiwa, fundi hawezi kuzizima zote ili aongeze nyingine. Huiwasha ile ya akiba pembeni, kisha huilinganisha na zile zinazofanya kazi: volti ziwe sawa, mizunguko ya umeme iwe 50 kwa sekunde, na mawimbi yapande na kushuka kwa pamoja. Hapo ndipo huiunganisha. Akifanya haraka, mitambo yaweza kuharibika.

Tatizo la namna hiyo limo pia katika kompyuta. Tuseme kompyuta moja hupokea vipimo vya hewa ya mgodini, au vya mwendo wa kuta za shimo la wazi kama lile la Nyankanga huko Geita. Vipimo vikiongezeka, prosesa yake, yaani sehemu inayofanya mahesabu, huzidiwa. Lakini kuizima kompyuta hiyo, hata kwa dakika chache, ni kuwaacha wachimbaji bila mlinzi. Je, yawezekana kuongeza prosesa huku kazi inaendelea?

Mwenyeji na Mgeni

Jambo hilo hufanyika kwa wepesi zaidi katika kompyuta pepe. Hii ni kompyuta isiyo na umbo la chuma. Huundwa na programu ndani ya kompyuta halisi. Wazo hili si geni: kampuni ya IBM ilikuwa na mfumo wa aina hiyo, CP-40, mwaka 1967 huko Cambridge, Massachusetts. Mojawapo ya programu za leo ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, nayo hupatikana bila malipo.

Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo unaoendeshwa ndani ya kompyuta pepe huitwa mgeni. Ili prosesa iongezwe, hapana budi mambo matatu yatimie. Kwanza, idadi ya juu kabisa ya prosesa itajwe kabla ya kuwasha, kwa kuwa mgeni huandaa nafasi zake anapoamka. Pili, mwenyeji aunde prosesa mpya na kumpelekea mgeni taarifa. Tatu, mgeni aipokee, aiandalie kumbukumbu zake, kisha aanze kuigawia kazi. Hatua ya tatu ikikosekana, mwenyeji atahesabu prosesa mbili ilhali mgeni anatumia moja tu.

Namna ya Kujaribu

Shule yenye kompyuta moja ya kutosha yaweza kulifanya jaribio hili. Kompyuta pepe yenye mfumo wa Linux iwashwe kwa prosesa moja, na kikomo kiwe nne. Ndani yake ziendeshwe programu mbili za kutafuta namba tasa, na muda wake uandikwe. Kisha prosesa ya pili iongezwe, na faili /sys/devices/system/cpu/online isomwe. Mwanzoni huonyesha 0. Mgeni akiisha kuipokea prosesa mpya, huonyesha 0-1. Katika baadhi ya mifumo, mtumiaji hulazimika kutoa amri ya kuiamsha.

Wanafunzi wataona kwamba programu hizo mbili zapata nafuu, kwani kila moja sasa ina prosesa yake. Wakiendesha programu moja tu isiyogawanyika, haitakwenda kasi zaidi: jembe la pili halimsaidii mkulima aliye peke yake. Tena, prosesa pepe zikizidi zile halisi za mwenyeji, nguvu haiongezeki. Kilichopo hugawanywa vipande vidogo zaidi.

Kuondoa ni Kugumu Zaidi

Prosesa inapoondolewa, mgeni hana budi kwanza kuzihamisha kazi zote zilizokuwa juu yake. Kwa hiyo amri ya mwenyeji ni ombi tu. Mgeni aweza kulikataa, na prosesa ya kwanza iliyouamsha mfumo kwa kawaida haiondolewi. Ikiwa prosesa itanyang'anywa kabla ya kuachwa huru, programu zaweza kukwama au mfumo mzima kusimama.

Kufaulu mara moja hakutoshi. Kasoro za aina hii hutegemea kile ambacho mgeni alikuwa akifanya wakati ule ule wa badiliko; huenda zisionekane mara kumi, zikajitokeza mara ya kumi na moja. Kwa sababu hiyo jaribio lirudiwe mara nyingi, prosesa zikiongezwa na kuondolewa huku programu zina kazi nzito, na majibu yake yalinganishwe na yale ya kompyuta isiyoguswa. Jenereta ya akiba iliyojaribiwa bila mzigo haijathibitishwa kuwa itaibeba mgodi, na ndivyo ilivyo kwa prosesa iliyojaribiwa katika kompyuta isiyo na kazi.