Herufi Zinazotembea: Uhuishaji wa Chapa Kongwe katika Maandishi ya Kiswahili

Katika mji wa Manyoni, mkoani Singida, msomaji hukutana na maandishi kwa njia mbili zinazopingana. Kwenye stesheni ya Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914, jina la mji limetulia kibaoni na anayekwenda ni abiria aliye dirishani. Kwenye barabara ya Dodoma hadi Singida mambo hugeuka: msomaji husimama kando ya njia, na maneno yaliyochorwa kwenye mabasi na malori ndiyo yanayompita. Kwa hiyo uhuishaji wa herufi, yaani sanaa ya kuyafanya maandishi yatembee, yakue au yatoweke kwenye kioo cha televisheni, haumkuti mtazamaji wa huko akiwa mgeni kabisa.

Chapa nyingi kongwe hazikubuniwa kwa mwendo. Times New Roman ilitayarishwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, Stanley Morison akiwa msimamizi na Victor Lardent akiwa mchoraji, nayo ikaanza kutumika tarehe 3 Oktoba 1932. Ilikusudiwa karatasi na safu nyembamba. Kompyuta ndizo zilizoifikisha katika kila ofisi. Ikihuishwa, mistari yake myembamba ndiyo hupotea kwanza machoni, na vijiguu vya ncha za herufi huonekana kama vumbi. Saul Bass alionyesha mwaka 1959, katika filamu ya North by Northwest, kwamba mwendo hufaa unapokuwa na sababu: majina yalipanda na kushuka juu ya mistari ambayo baadaye iligeuka kuwa ukuta wa ghorofa.

Katika Kiswahili sababu hiyo hapana budi itafutwe ndani ya sarufi. Kitenzi hatutawasahau kina viambishi vinne kabla ya mzizi: ha-, tu-, ta- na wa-. Mbunifu aliyezoea Kiingereza hulileta neno zima kwa mkupuo, au herufi moja moja kwa mpangilio wa kupendeza tu. Lakini ha- ikichelewa kutokea, mtazamaji amekwisha kusoma tutawasahau, yaani kinyume chake. Katika tangazo la chanjo au la kuvuka reli, kosa la namna hiyo si la urembo. Kinyume chake, mwendo unaofuata viambishi hufundisha. Katika sentensi Kisima kile kikubwa kimekauka, ki- zote nne zikiinuka kwa pamoja, mwanafunzi huuona upatanisho wa kisarufi kabla hajaambiwa kanuni yake.

Tatizo gumu zaidi ni dogo kwa umbo: alama iliyo katika ng'. Katika tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alama hiyo ni sehemu ya sauti, wala si kituo cha uandishi. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika ardhini. Kulia ngoa ni kuona wivu. Programu za uhuishaji, hata hivyo, huihesabu alama hiyo kuwa herufi inayojitegemea, hivyo huiacha ianguke baada ya wenzake kutua, au huirusha upande mwingine. Kwa Manyoni, wilaya ya wafugaji, neno la kwanza kuumia ni ng'ombe. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigogo au Kinyaturu, na anayejifunza Kiswahili kwa kuangalia zaidi kuliko kwa kusoma vitabu, hana namna ya kujua kwamba kilichodondoka kilikuwa sauti.

Dawa yake si ya gharama. N, g na alama yake hufungwa pamoja kuwa umbo moja kabla ya kupewa mwendo, na alama hiyo huchukuliwa kutoka katika chapa yenyewe, ile iliyopinda, badala ya kijiti kilichonyooka cha kibodi. Katika Times New Roman iliyopinda ina kichwa kinene, hivyo huonekana hata herufi zikipita kwa kasi.