Sehemu Moja ya Mia ya Sekunde

Tarehe 17 Februari 2018, kwenye mteremko wa Jeongseon nchini Korea Kusini, mbio za supa-ji (kuteremka mlima kwa ski kupitia kona) za wanawake katika Olimpiki ya Majira ya Baridi zilionekana zimekwisha. Anna Veith wa Austria alikuwa akiongoza, na waliobaki juu ya mlima hawakupewa nafasi. Ndipo aliposhuka Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki, mtu wa 26 kuanza, ambaye sifa zake zilikuwa kwenye ubao mmoja wa theluji, si kwenye ski. Alitumia dakika 1 na sekunde 21.11. Veith alitumia dakika 1 na sekunde 21.12. Ledecká alibaki ameukodolea macho ubao wa matokeo, haamini.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tofauti hiyo ni sentimita 28 hivi, baada ya kuteremka takriban kilomita mbili. Inatoka wapi?

Tuanze chini ya miguu. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba uzito wa mtelezaji hukandamiza theluji hadi ikayeyuka. Hesabu inakataa. Uzito wa mtu uliotandazwa juu ya ski mbili ndefu hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja, ilhali theluji ya mashindano yaweza kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Mwaka 1939 watafiti Bowden na Hughes walionyesha kwamba kazi kubwa hufanywa na joto la msuguano. Ski inaposugua punje za theluji, ncha za punje hizo hupata joto na kutoa utando wa maji usioonekana kwa macho. Utando huo ndio kilainishi.

Utando ukipungua, punje hukwaruza. Maji yakizidi, ski hunata, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyogoma kuachana. Kwa hiyo mafundi huchora vijifereji vyembamba kwenye plastiki ya chini ya ski ili maji yasishikane, kisha hupaka nta inayolingana na baridi ya theluji ya siku hiyo. Nta za florini zilifukuza maji kuliko zote, lakini kemikali zake hudumu mno katika udongo na maji. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilizipiga marufuku kuanzia msimu wa 2023/24, uamuzi mzuri uliochelewa.

Kisha kuna hewa. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Mfaransa Jean Vuarnet alilielewa hilo mapema: alishinda mbio za kuteremka Squaw Valley mwaka 1960 akiwa amejikunja, mikono mbele, juu ya ski za chuma.

Ila hakuna anayeweza kujikunja hivyo njia nzima, kwa sababu ya kona. Na katika supa-ji hakuna mbio za majaribio. Wanamichezo huikagua njia tu, kisha hushuka mara moja. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliteremka hivyo katika mbio zilezile za Ledecká kwa bendera ya Kenya, akawa wa 38. Kwenye kona zenyewe, ski ikikata kwa ukingo wake, huacha mstari mwembamba. Ikiburuzwa kwa ubavu, huchimba theluji na kuirusha, na nguvu ya kuirusha hutolewa kwenye kasi.

Basi ukitazama mbio hizi kwenye televisheni, iache saa kidogo, uangalie theluji inayoruka kwenye kona. Anayeirusha kidogo ndiye, mara nyingi, anayeongoza.