Umenunua Forester imekula maileji? Kabla ya rimu na wufa, fungua boneti kwanza

Wacha nianze na ile siku ya Vasha. Ilikuwa wikendi ya Safari Rally, na kama umewahi kuenda unajua venye barabara inakuanga: Subaru mbele, Subaru nyuma, egzosti zinapiga risasi kutoka Limuru mpaka Naivasha. Sisi tulikuwa wasee watano ndani ya Forester SG5 ya cuz wangu. Ndai safi, nyeusi, rimu mpya za 17, wufa kwa buti inatetemesha kioo ya nyuma. Maileji kwa dashibodi ilikuwa inasoma 186,000.

Tumepita Soko Mjinga, tunakaribia Kinungi, gari ikanyamaza. Hakuna moshi, hakuna kelele, hakuna taa ilikuwa imewaka kutuonya. Ilikata tu ka stima za keja. Cuz akapiga starti, injini ikazunguka lakini nyepesi sana, haraka haraka, ka kitu haina mzigo. Akapiga tena, na tena. Fundi alikuja kutuambia baadaye hata hizo starti tungeacha.

Ilikuwa belti ya taiming. Imekatika. Na sehemu inauma ni hii: miezi tatu kabla, fundi wa mtaa alikuwa amemshow abadilishe hiyo belti na vitu zake zote, spea na kazi 32,000. Cuz akaona huyo ni fundi anatafuta za kulipa rent. Mwezi huo ndio rimu zilinunuliwa. Sasa brekidauni, injini ya eksi-Japani na kazi ya kuiweka zilifika 190,000. Rimu ndizo ziliuzwa kwanza.

Gari haikuwa na makosa. Gari ilifanya venye gari yoyote ya umri huo hufanya ikinyimwa kitu inadai. So kama umeomoka kidogo na umejinunulia SUV imetembea, ama uko karibu kulipa, kaa hapa dakika chache. Nitaongea sana kuhusu Forester juu ndiyo najua, na juu kila msee wa mtaa anaitaka, lakini mengi yatakusaidia hata kama yako ni X-Trail, RAV4 ama Harrier.

Kwa nini belti inaua injini

Ndani ya injini, pistoni zinapanda na kushuka, na valvu zinafunguka na kufunga kuingiza hewa na kutoa moshi. Kwa EJ20, ile injini ya SG5, pistoni na valvu zinatumia nafasi moja kwa zamu. Mmoja akiingia, mwingine ametoka. Belti ya taiming ndiyo inashikilia hiyo zamu. Ikikatika ukiwa kwa mwendo, valvu zinasimama hapo hapo zilikuwa, zingine zikiwa wazi, na pistoni bado zinakuja na nguvu yote. Zinagongana. Valvu zinapinda, na kama una bahati mbaya zaidi pistoni nayo inapasuka.

Hiyo belti inafaa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Lakini ni raba, na raba inazeeka hata gari ikiwa imelala kwa parking, so miaka pia inahesabika. Sasa fikiria. Sheria ya Kenya hairuhusu kuleta gari imepita miaka 8, na SG5 zilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007. Maana yake hakuna SG5 utapata sai imetoka Mombasa jana. Zote zimeshakuwa hapa, zimepitia mikono ya watu kadhaa, zingine maileji imerudishwa nyuma, na kila mwenye aliuza alisema ameifanyia kila kitu. Mimi sheria yangu ni moja: kama hakuna risiti ama stika kwa injini yenye inaonyesha kilomita na tarehe, hesabu ka belti haijawahi kuguswa.

Na usibadilishe belti peke yake. Hiyo ndiyo ujanja ya kuokoa pesa yenye inakurudisha kwa fundi. Belti inapita kwa tenshona, kwa aidola kadhaa, na inazungusha wota pampu. Bearing ya aidola moja ikikwama, inakula belti mpya ka bazuka. Wota pampu ikianza kuvuja mwaka ujao, fundi atafungua kila kitu tena na atakulipisha kazi tena. Nunua kit yote, na akiwa hapo ndani abadilishe sili za mbele kama zina oili.

Wenye X-Trail T31 wasicheke sana. Ni kweli nyinyi mko na cheni, sawa na RAV4 za petroli za kutoka 2000, na Forester SH5 zilianza kuja na cheni mwisho wa 2010, wakati injini ya FB20 iliingia. SH5 za kabla ya hapo bado ni belti, so uliza kabla hujalipa. Cheni haikatiki ovyo, lakini inaishi kwa oili. Oili chafu, oili kidogo, cheni inaanza kulegea na unaskia ikilia ukipiga starti asubuhi. Hapo bili ni kubwa kuliko ya belti.

Oili na maji

Oili ya injini, badilisha siku ya kwanza gari inaingia kwako, ata kama mwenye aliuza ameapa kwa jina la mamake. Filta pia. Kwa mwendo wa Nairobi, jam ya Mombasa Road na vumbi ya mtaa, mimi siwezi enda zaidi ya kilomita 5,000. Lakini kubadilisha si kila kitu. Gari ya maileji mob inakunywa oili katikati ya sevisi, na Forester za tabo ndizo walevi sugu. Vuta dipstiki kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali tambarare. Dakika moja. Taa ya oili kwa dashibodi si ya kukuambia uongeze oili. Hiyo taa ikiwaka presha imeshaisha, na kama bado unaendesha uko karibu kunoki.

Ukiskia harufu ya oili inaungua ukisimama kwa taa za trafiki, cheki gasketi za kava za valvu. Injini ya Subaru imelala, silinda zimeangalia kando, so hizo gasketi zikichoka oili inadondoka moja kwa moja kwa egzosti ya moto. Ni kitu cha bei ndogo. Usingoje mpaka moshi uanze kutoka kwa boneti mbele ya stage yote.

Sasa maji. Hapa ndipo wasee wengi wanaua gari na chupa ya lita mbili. Maji ya bomba ndani ya radieta inaleta kutu na ule uchafu mweupe ka wa sufuria ya chai, na njia ndogo za radieta zinaziba. Kulanti si maji ya rangi. Inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Kama umefungua na ukapata maji ya kahawia, toa yote, osha, weka kulanti ya aina gari inataka. Usifungue injini ikiwa moto, please. Nimeona msee amechomwa mkono mpaka kwa kiwiko.

Na kuna hii tabia ya mafundi wengine: gari ikichemka, wanatoa thamostati wanatupa. Wanakushow hii ni kitu ya baridi ya Japani, huku haihitajiki. Hiyo ni uongo. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto wake, inakunywa mafuta ka haina mwenyewe, na ule ugonjwa ulifanya ichemke bado uko. Uliza fundi wako kama iko. Akianza kutoa macho, jibu umepata.

Giaboksi

Hii nitaisema polepole juu ndiyo inamaliza X-Trail. T31 nyingi ziko na giaboksi ya CVT, haina gia za kawaida ndani, iko na mkanda wa chuma unateleza kati ya puli mbili. Inataka oili yake, ya T31 inaitwa NS-2, imeandikwa hivyo. Fundi akikuwekea ile ATF nyekundu ya kawaida ati ni kitu kimoja, mkanda unaanza kuteleza, gari inalia lakini haiendi, na baada ya muda unatafuta giaboksi nzima. Nunua oili wewe mwenyewe, fungua mkebe ukiona, na simama hapo mpaka amalize.

Forester ya SG5 ya oto ina giaboksi ya kawaida na inataka ATF. Kama haijabadilishwa miaka mob, usikubali ioshwe na mashine ya presha. Toa ile inatoka, weka mpya kipimo sawa, endesha wiki kadhaa, rudia. Uchafu wa zamani ukisukumwa kwa nguvu unaenda kukwama kwa valvu ndogo.

Matairi na miguu

Forester inasukuma na magurudumu yote nne kila wakati. So ukinunua tairi mbili mpya na uache mbili zimekwisha, za mbele na za nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti siku mzima, na ule mtambo wa katikati unaogawa nguvu unapata moto mpaka unachoka. Utajua ukikata kona kali kwa parking na gari inavutana ka imefungwa kamba. Nunua nne zinafanana. Kama ganji haitoshi, heri ungoje. Na soma zile namba nne za mwisho kwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno mazuri na ikuwe mzee.

Ukiskia mngurumo ka wa ndege ukipita 80, na unabadilika ukikata kona, hiyo mara nyingi ni bearing ya gurudumu. Za nyuma kwa SG5 hulalamika sana. Kama gari imekalia nyuma ka imebeba magunia, inaweza kuwa shoka zile za kujiinua zenyewe, ziko kwa SG5 kadhaa. Ukiamua kuweka shoka za kawaida, badilisha na springi, juu springi za hizo shoka ni laini na hazitabeba peke yake. Bushi, mauntingi, raba za sivi jointi, hizo fundi akiweka gari juu ataziona na tochi.

Breki: pedi zikibaki milimita 3, toa. Oili ya breki inavuta unyevu wa hewa, so kila miaka 2 ibadilishwe. Ukishuka Mai Mahiu na oili imejaa maji, breki zikipata moto pedali inazama mpaka chini na hapo huna la kufanya. Ushuke na gia ndogo, usikalie breki.

Ukipanga ganji

Mwezi wa kwanza ni oili, kulanti, belti kama ni gari ya belti, na breki. Mwezi wa pili giaboksi, plagi na filta ya hewa. Plagi za Forester ziko kando na zinasumbua kufikia, so fundi mvivu atakwambia bado ziko poa bila kuzitoa. Mwambie akuonyeshe. Matairi na miguu zinafuata, isipokuwa tairi imeonyesha waya, hiyo ni leo.

Ukienda Grogan, enda na spea ya zamani mkononi na picha ya namba ya chesisi kwa simu. SG5 mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na vitu tofauti, tabo na isiyo tabo si mandugu. Kazi ikiisha, dai spea za zamani zirudi kwako. Fundi msafi hakasiriki.

Halafu chukua kipande cha masking tepu na kalamu ya maka, andika kilomita, tarehe na kitu ilifanywa, bandika chini ya boneti. Ya cuz sai iko na tepu tano. Ya kwanza imeandikwa tu BELTI + PAMPU, na bado anaendesha na rimu za chuma.